Marseille, Agosti 2024: safari ya kufuata wanawake wa ubao wa tanga

Tangu nirudi, Paje nzima, huku pwani ya Unguja ninakofanya kazi, inaniuliza mambo yale yale: viza ulipataje, ulilipa ngapi, yule Mwingereza ilikuwaje akakosa dhahabu. Nimechoka kueleza ufukweni huku nimeshika kaiti ya mgeni (lile tiara kubwa la kuvuta ubao majini) mkononi. Nimekaa na picha za simu na kidaftari changu kilicholowa chai, naandika mara moja, atakaye asome.

Kwa wasionijua: nafundisha wageni kaiti, na ubao wa tanga kwa wachache wanaoutaka. Michezo ya Olimpiki ya 2024 ilikuwa ya Paris, lakini mashua na mbao zote zilipelekwa Marseille, kusini, kwenye bahari ya Mediterania. Paris ina mto tu. Usije ukakata tiketi ya kulala Paris ukidhani utatazama tanga kutoka dirishani.

Kabla ya safari

Viza ya Schengen niliomba Dar katikati ya Juni. Ada ilipanda tarehe 11 mwezi huo, kutoka yuro 80 kwenda 90, kwa hiyo walionitangulia siku chache tu walilipa pungufu. Kwa pesa yetu ilikuwa kama shilingi laki mbili na sitini, na ukinyimwa hairudi. Barua ya mwaliko ilitoka kwa mama mdogo, binti wa binamu yake marehemu bibi yangu. Ni Mngazija aliyesoma Unguja utotoni na kuhamia Marseille kabla sijazaliwa. Wangazija wa Marseille ni maelfu kwa maelfu. Wapo wanaosema Moroni yenyewe, mji mkuu wa Komoro, inapata ushindani. Bila yeye nisingeweza, maana bei za hoteli wiki ile zilikuwa za kutukanana.

Jumanne 30 Julai: Unguja, Addis Ababa

Kusi lilivuma vizuri asubuhi ile, nikaona uchungu kuliacha. Ndege ya Addis ilitoka kwa wakati. Addis ikanyesha mvua ya radi, na ndege ya Paris ikakaa chini saa tatu nzima. Tulipewa juisi na mkate mkavu. Mzee mmoja wa Kisomali aliyekuwa anakwenda kwa wanawe Uswidi akafungua mfuko wa tende na kuwagawia benchi zima, akianza na watoto. Mimi nilipata nne.

Jumatano 31 Julai: Paris, Marseille

Kuchelewa kule kulinikosesha treni ya asubuhi. Kutoka uwanja wa Charles de Gaulle kuingia mjini, treni ya kawaida ilikuwa yuro 16. Hiyo ni bei ya siku za michezo. Hata tiketi moja ya metro walikuwa wameipandisha hadi yuro 4. Jihadharini: miji inayoandaa michezo hupandisha nauli kwa wageni, na ubao wa bei wa mwaka jana hausaidii kitu.

Nikafika stesheni ya Gare de Lyon na tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka. Nikampigia mama mdogo kumweleza, sauti imenipanda kidogo. Nilipokata simu, mama mmoja aliyekuwa anasukuma gari la usafi alisimama mbele yangu. "Weye unatoka fasi gani, dada?" Mtu wa Bukavu, yuko Ufaransa miaka mingi. Akaegesha gari lake, akanipeleka mpaka dirisha sahihi (kuna madirisha chungu nzima, na foleni ndefu kuliko zote ndiyo niliyokuwa nimepanga), akazungumza na kijana wa ndani kwa Kifaransa cha haraka. Nikabadilishiwa tiketi kwa kuongeza yuro 18. Nilitaka kumpa kitu cha soda, akakataa, akasema nimwombee watu wa Kivu. Kisha akarudi kwenye gari lake.

Stesheni ilikuwa imejaa askari wenye bunduki. Siku chache kabla, tarehe 26, siku ya ufunguzi, reli za treni za mwendo kasi zilihujumiwa kwa moto sehemu kadhaa za nchi. Njia yetu ya kusini mashariki ilisalimika.

Paris hadi Marseille ni saa tatu na kidogo. Nililala nusu, nusu nyingine nikatazama mashamba. Stesheni ya Saint-Charles iko juu ya kilima, ukitoka tu unakuta ngazi kubwa za mawe na mji mzima chini yako, na lile joto. Kavu, si kama letu. Mama mdogo alikuwa chini ya ngazi amevaa shiromani. Nikamwamkia shikamoo, akanijibu, akanikagua, akasema nimekonda. Usiku tulikula wali na mataba, kisamvu cha kwao kilichopikwa na nazi hadi kikaiva kabisa. Nikasahau kama niko Ulaya.

Alhamisi 1 Agosti: kuujua upepo wao

Marina iliyotumika inaitwa Roucas-Blanc, iko kando ya barabara ya pwani, Corniche Kennedy. Kutoka Bandari ya Zamani basi namba 83 linapita pwani hiyo. Nauli ilikuwa chini ya yuro mbili. Siku zile lilijaa kama daladala ya Darajani saa kumi na moja, tofauti ni kwamba hakuna anayening'inia mlangoni. Mimi nilipanda mara moja tu, baadaye nikatembea. Kuna benchi ya zege inayofuata ukuta wa Corniche kwa kilomita kadhaa, unapumzika unapotaka, visiwa vya Frioul na ngome ya If viko mbele yako.

Tiketi yangu ya sehemu ya watazamaji ilikuwa yuro 24, lakini ukweli usemwe: mtu mwenye darubini nzuri na kofia angeweza kukaa pale barabarani akaona mengi bure. Ndani unapata skrini kubwa na mtangazaji. Bila skrini, ukiwa hujui mchezo, utaona vitambaa vinapita mbali na hutajua nani kamshinda nani.

Basi niueleze kidogo. Chombo kinaitwa iQFOiL. Ni ubao wenye tanga, wanawake walitumia tanga la mita za mraba 8 na wanaume 9. Chini ya ubao kuna nguzo inayokaribia urefu wa mita moja, na mwishoni mwake bawa. Ukipata mwendo, bawa linaunyanyua ubao wote nje ya maji, unabaki unapaa, hakuna sauti ya mawimbi kugonga. Upepo mdogo tu unatosha, na wakishuka na upepo wanapita kilomita 40 kwa saa. Mwanamke amening'inia nje, mgongo karibu uguse maji, miguu imebana kwenye mikanda. Wale wanaodhani ni mchezo wa kuotea jua waje washike lile tanga dakika kumi.

Marseille ilikuwa mara ya kwanza kwa chombo hiki kwenye Olimpiki. Wanaume waliingizwa na mbao za tanga tangu Los Angeles 1984. Wanawake walingoja hadi Barcelona 1992, Barbara Kendall wa New Zealand akachukua dhahabu. Miaka minne baadaye Lee Lai-shan akaipa Hong Kong dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Kwenye Barcelona ile ile alikuwepo Mwingereza aitwaye Penny Way. Mkumbukeni huyo, binti yake ndiye niliyemfuata mimi.

Emma Wilson. Alipata shaba Tokyo, kwenye ubao wa zamani wa RS:X. Hapa Marseille alikuwa ameziteka mbio za awali. Siku hiyo nilimwona akianza: wenzake wamesongamana upande mmoja wa mstari, yeye katafuta nafasi yake, kapampu tanga mara mbili tatu, ubao ukanyanyuka, akaondoka. Mbao 24 zimo majini na kila mtu ufukweni anajua atakayeongoza boya la kwanza. Alimaliza mbio za awali akiwa mbele ya wenzake kwa pointi thelathini hivi. Katika mchezo huu mwenye pointi chache ndiye bora, na pengo la thelathini ni kubwa mno.

Upepo wenyewe lakini haukunipendeza. Sisi tumezoea kusi na kaskazi, upepo unaoweza kuupangia miezi. Wao wana mistral, unaotoka kaskazini magharibi kwa fujo, na ukikosekana huo wanategemea upepo wa bahari unaoamka mchana nchi kavu ikishapata moto. Siku hiyo uliamka kwa uvivu. Mbio za medali za mashua za watu wawili zilishindwa kumalizika, zikasogezwa kesho yake.

Chakula: ndani ni ghali na hakina ladha. Beba maji na mkate. Jioni, soko la Noailles, utapata kuku wa halali na samaki wa kuchoma kwa bei ya kibinadamu. Panisse, chapati nene za unga wa dengu zilizokatwa na kukaangwa, nilikula mfuko mzima nikitembea. Ni binamu wa bajia zetu asiye na pilipili.

Ijumaa 2 Agosti: shwari

Hii ndiyo iliyopangwa kuwa siku ya medali za ubao wa tanga.

Asubuhi nilipita Bandari ya Zamani kuangalia wavuvi wakiuza. Meza chache, samaki wadogo, bei kubwa, wanawake wauzaji wenye sauti za Forodhani. Kisha nikawahi Corniche. Mashua zilizoahirishwa jana zilifanikiwa kumaliza, Waholanzi Odile van Aanholt na Annette Duetz wakachukua dhahabu ya wanawake. Baada ya hapo upepo ukawa wa kubahatisha. Bahari inang'aa. Mbao zimelala majini, wanawake wamekaa juu yake wakiangalia bendera ya mashua ya waamuzi. Mtangazaji anapiga muziki, anatupigisha makofi, anaongea mpaka anaishiwa maneno.

Nilikaa karibu na wazee wawili wa Marseille, mume na mke, wenye mwavuli mmoja mkubwa. Waliona nimejifunika mtandio kichwani jua linaniwakia, wakasogeza kiti, wakaninyooshea kivuli chao bila kuuliza. Mzee alikuwa fundi wa boti kabla ya kustaafu. Kifaransa changu ni cha kuomba maji, Kiingereza chake ni cha kuuza injini, lakini mambo ya upepo tulielewana kwa mikono. Alinionyesha moshi wa mbali, akatikisa kichwa. Nami niliona vile vile: hakuna kitu leo.

Ikaahirishwa. Watu walionuna zaidi ni waliokuwa na treni ya jioni. Kwa hiyo nawaambia, na hili ndilo la kushika kuliko yote: ukifuata mbio za tanga popote duniani, usikate tiketi ya kurudi siku ya fainali. Waandaaji huweka siku ya akiba, na wewe iweke yako.

Jumamosi 3 Agosti: fainali

Niliamka na pazia linacheza. Mama mdogo akasema twende wote, hajawahi kuona mambo hayo ingawa yeye na bahari ile wameshazoeana miaka zaidi ya thelathini. Akafunga mikate ya kumimina na chupa ya chai. Tiketi yangu ilikuwa ya jana, tukakaa ukutani Corniche pamoja na umma, redio ya jirani ikiwa ndiyo mtangazaji wetu na simu yangu ikiwa skrini.

Kwanza mfumo, maana ndio uliozua maneno. Mwaka ule mbao kumi bora ziliingia siku ya medali. Wa nne hadi wa kumi wanacheza robo fainali, wawili wanapita. Hao wanaungana na wa pili na wa tatu kwenye nusu fainali, tena wawili wanapita. Wa kwanza, yaani Wilson, anawangoja fainali moja kwa moja. Wanakuwa watatu. Pointi zote za wiki nzima zinafutwa. Anayefika wa kwanza ana dhahabu, wa pili fedha, wa tatu shaba, basi. Wilson alishajua tangu Alhamisi kwamba medali anayo. Rangi ndiyo iliyobaki.

Ngoja niongeze na hili: mapema mwaka huo huo, kwenye ubingwa wa dunia huko Lanzarote, Wilson aliongoza hivyo hivyo kwa mbali, na Sharon Kantor wa Israeli akamshinda kwenye fainali. Kwa hiyo nilipoona Kantor amepita nusu fainali, tumbo lilinikaza kidogo.

Wa tatu alikuwa Marta Maggetti, Mtaliano wa Cagliari, Sardinia. Alimaliza wa nne Tokyo, nje ya medali kwa nafasi moja. Bingwa wa dunia 2022. Watu ukutani hawakuwa wanamzungumzia sana. Wafaransa walikuwa wamekuja kwa ajili ya Hélène Noesmoen wao, na yeye alipotolewa, nusu ya ukuta ukawa na nafasi, tukahamia mahali pazuri zaidi.

Fainali ni fupi, dakika chache tu. Wameanza, wote watatu wanapaa. Wilson na Kantor wakaandamana, kila mmoja anamchunga mwenzake. Sasa, kwa asiyejua: ubao wa foili, yaani wenye lile bawa chini, haushuki na upepo moja kwa moja. Unashuka kwa mshazari, unageuza, unashuka tena mshazari wa upande wa pili. Kila ukigeuza unapoteza mwendo. Ujanja wote ni kujua lini ugeuze ili mstari wako ukufikishe boya bila kugeuza tena. Ukiwahi, hulifikii. Ukichelewa, umekwenda safari ya bure.

Kwa nilivyoona kutoka ukutani, wale wawili walikuwa wanatazamana, na Maggetti alikuwa anatazama maji. Akajitenga, akapita njia yake, na walipokutana tena karibu na boya yeye ndiye aliyekuwa na mstari safi, wenzake wanalazimika kugeuza zaidi. Nikasimama. Mama mdogo akanivuta nguo nisianguke baharini. Maggetti mbele. Kantor wa pili. Wilson wa tatu, kichwa kimeinama kabla hata hajavuka mstari.

Kundi la Wataliano lililokuwa chini kwenye mawe likalipuka kwa kelele. Mara ya mwisho mwanamke wa Italia kupata dhahabu ya mchezo huu ilikuwa Sydney 2000, Alessandra Sensini. Kijana mmoja aliyejifunga bendera akampa mama mdogo busu la shavu, mama mdogo akabaki ameshika chupa ya chai kwa mikono miwili, hajui acheke au akasirike. Alicheka.

Tulibishana njia nzima kurudi nyumbani. Mimi nasema huo mfumo ni wa televisheni. Mtu ameshinda wiki nzima, katika upepo mkali na mdogo, halafu unamfungia dakika chache akiwa amekaa anangoja wakati wenzake wamekwisha kujua upepo wa siku hiyo kwa kucheza raundi zilizotangulia. Kungoja ni adhabu, si zawadi. Mama mdogo aliniacha nimalize. Kisha akauliza: "Resi za ngalawa kule kwenu, mnahesabu na za juzi?" Nikamwambia hapana. "Sasa?" Nikamwambia ngalawa hazishindani wiki nzima kwanza. Akasema hilo ni kosa la waliopanga wiki, si kosa la yule Mtaliano. Hapo nilikosa la kusema, kwa sababu Maggetti hakumwibia mtu. Alisoma maji vizuri kuliko wawili waliokuwa bora kuliko yeye siku nyingine. Bado nasema mfumo ni mbaya. Yote mawili ninayashika.

Usiku tukasoma kwamba Wilson amewaambia waandishi anadhani mchezo huu ameumaliza, hawezi kujiweka tena katika hali hiyo. Ana shaba mbili za Olimpiki na mama aliyeshiriki Barcelona na Atlanta. Wanaume nao walimaliza siku ile ile, Tom Reuveny wa Israeli akapata dhahabu, Grae Morris wa Australia fedha, Luuc van Opzeeland wa Uholanzi shaba. Nakiri wanaume niliwatazama kwa jicho moja, la pili likiwa kwenye simu narudia fainali ya wanawake.

Jumapili 4 Agosti: kurudi

Mama mdogo alinijazia sanduku hadi likagoma kufunga: sabuni za Marseille za mraba, kahawa, nguo za watoto wa watu ambao sijawahi kuwaona na walipaswa kuja kuzichukua kwangu Jang'ombe. Uzito ulizidi kilo mbili, nikavaa makoti mawili katika joto lile. Treni, Paris, ndege, Addis, hakuna cha kusimulia.

Matumizi, kwa wanaouliza: ndege kwenda na kurudi shilingi milioni 2.9, niliikata Machi kabla sijajua kama viza itatoka, jambo ambalo simshauri mtu mwenye moyo dhaifu. Treni kwenda na kurudi yuro 158 pamoja na ile nyongeza ya 18. Chakula na nauli za mjini hazikufika yuro 100, kwa sababu nililala na kula kwa ndugu. Asiye na ndugu Marseille atafute malazi mbali na Bandari ya Zamani, karibu na kituo chochote cha metro, kisha aende Corniche kwa miguu asubuhi kabla jua halijapanda. Achukue darubini. Kofia yenye kamba, kwa sababu siku upepo ukija, unakuja kweli. Na wale wasichana wangu wawili wa Paje wanaonisumbua kuhusu foili: bawa moja la mtumba limefika kutoka kwa mgeni wa mwaka jana, lina mkwaruzo ubavuni, tutalijaribu bamvua likiisha, maji yakiwa na kina cha kutosha kuipita miamba.